Kimya Kingi Kina Mshindo: Kuliwasha kwa Usalama Pangaboi Kubwa la Kiwandani

Jina pangaboi lina historia yake. Katika nchi ya India, kabla umeme haujafika majumbani, kitambaa kikubwa kilichowambwa kwenye mbao kilitundikwa darini, na mtumishi aliketi pembeni akikivuta kwa kamba ili upepo uwafikie waliokuwamo chumbani. Kitambaa hicho kiliitwa panka, na mvutaji wa kamba akajulikana kwa Kiingereza kuwa ni "boi" wa panka. Jina la mtumishi huyo ndilo lililobaki katika Kiswahili, ingawa mwenyewe amekwisha ondoka na mahali pake pamechukuliwa na mota ya umeme.

Mabadiliko hayo yalileta faida kubwa, lakini yalileta pia jambo moja la kufikiriwa. Mvutaji wa kamba alikuwa na masikio. Mtu akipiga kelele, aliiachia kamba na upepo ukakoma. Mota haisikii. Hutii amri iliyopewa mara ya mwisho, iwe amri hiyo ni ya busara au ya kosa. Kwa hiyo anayeliwasha pangaboi kubwa kwa mara ya kwanza hana budi kufikiri mapema kwa niaba ya chombo kisichofikiri.

Pangaboi lililoanzia katika mabanda ya ng'ombe

Pangaboi la dari liendeshwalo kwa umeme lilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1880, na kwa muda mrefu umbo lake halikubadilika sana: mabawa mafupi yazungukayo upesi. Katika miaka ya 1990, huko California, lilibuniwa pangaboi la namna nyingine kwa ajili ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa imefahamika kwamba ng'ombe anayeteswa na joto hupunguza maziwa. Badala ya kutundika mapangaboi madogo mengi, wabunifu walitundika moja kubwa sana, lizungukalo polepole na kusukuma hewa nyingi kwa upole. Kutoka mabandani, pangaboi hilo liliingia viwandani, katika maghala, karakana na kumbi za michezo.

Pangaboi la aina hiyo laweza kuwa na kipenyo cha mita 7.3, yaani upana unaolingana na ule wa darasa. Huzunguka mara 50 hivi tu kwa dakika, wakati pangaboi la nyumbani huweza kuzunguka mara 200 au zaidi. Kwa mtazamaji aliye chini, mabawa yake yaonekana kama yanatembea. Hali hiyo ya utulivu ndiyo inayowadanganya watu wengi, kama itakavyoonekana katika makala haya.

Mota na kidhibiti chake

Mota itumikayo kwa kawaida katika mapangaboi haya ni ile ya umeme wa fezi tatu. Chimbuko lake ni kazi za Nikola Tesla na Galileo Ferraris, waliotangaza kanuni yake mwaka 1888, na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyeunda mota imara ya fezi tatu mwaka 1889. Ndani ya mota kuna sehemu mbili. Ya nje, iitwayo stata, haizunguki. Nyaya zake zikipitishwa umeme huzalisha uga wa sumaku uzungukao. Ya ndani, iitwayo rota, hukokotwa na uga huo.

Mwendo wa uga hutegemea mambo mawili tu: marudio ya umeme, ambayo hupimwa kwa hezi, na idadi ya ncha za sumaku katika stata. Kanuni yake ni nyepesi: zidisha marudio kwa 120, kisha gawanya kwa idadi ya ncha. Kwa umeme wa Tanzania au Kenya, ambao ni wa hezi 50, mota ya ncha nne huwa na uga uzungukao mara 1,500 kwa dakika. Rota hubaki nyuma kidogo, hivyo mhimili huzunguka mara 1,440 hivi. Giaboksi hupunguza mwendo huo mara 29, na mabawa yakapata mizunguko 50 kwa dakika.

Mota ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi, wakati wa kuanza huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule iliokusudiwa. Papo hapo giaboksi hupata mshtuko, maana rota yataka kwenda mbio na mabawa mazito bado yamesimama. Bolti hulegea na meno ya giaboksi huumia. Kwa sababu hiyo huwekwa kidhibiti mwendo kati ya swichi kuu na mota.

Kidhibiti hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, dayodi huugeuza umeme wa mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Pili, kapasita kubwa huuhifadhi na kuutuliza mkondo huo. Tatu, transista zifunguliwazo na kufungwa maelfu ya mara kwa sekunde huukatakata umeme ule na kuunda upya mkondo geu wa fezi tatu, safari hii kwa marudio yoyote yatakiwayo. Marudio yakipandishwa taratibu kutoka hezi 0 hadi 50 kwa muda wa dakika moja, pangaboi nalo huamka taratibu.

Faida nyingine ni ya matumizi ya umeme. Uwezo unaohitajiwa na pangaboi hufuata mchemraba wa mwendo wake. Mwendo ukipunguzwa kuwa nusu, uwezo huwa sehemu moja ya nane. Pangaboi lihitajilo wati 1,500 kwa mwendo kamili litahitaji wati 190 hivi tu kwa nusu ya mwendo.

Hatari mbili zilizojificha

Hatari ya kwanza iko darini. Pangaboi la kipenyo cha mita 7.3 lina mzingo wa mita 22.9. Likizunguka mara 50 kwa dakika, ncha ya bawa husafiri mita 19 kwa sekunde, yaani kilometa 69 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani. Tuseme lina mabawa sita yenye uzito wa kilo 10 kila moja, yaliyo sawa kwa urefu wake wote. Nishati mwendo yake itakuwa jouli 3,650 hivi. Gunia la kilo 50 lingepaswa kuanguka kutoka kimo cha mita 7 na nusu ili kupata nishati kama hiyo. Kile kionekanacho kama matembezi ni kishindo kinachosubiri kizuizi.

Hatari ya pili imo ndani ya sanduku la kidhibiti ukutani. Umeme wa volti 400 ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufikia kilele cha wimbi lake, yaani 400 mara kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni volti 566. Kapasita hujazwa kwa volti hizo. Swichi kuu ikizimwa, taa za kidhibiti huweza kuzimika, mabawa yakasimama, na kila kitu kikawa kimya. Lakini kapasita hazijui kwamba kazi imekwisha. Umeme uliomo hutoka polepole kupitia vipinga vilivyowekwa kwa kazi hiyo.

Chukua mfano wa kapasita yenye mikrofaradi 1,000 iliyounganishwa na kipinga cha omu 50,000. Ukizidisha kiasi hivi viwili unapata sekunde 50, na kila sekunde 50 zipitapo volti hushuka na kubaki asilimia 37 ya zilivyokuwa. Baada ya dakika moja bado zitakuwapo volti 170. Baada ya dakika mbili, 51. Baada ya dakika tatu, 15. Baada ya dakika tano, ni volti 1.4 tu.

Sasa mfikirie fundi aliyezima swichi, akafungua mfuniko baada ya dakika moja, na kugusa ndani kwa mikono yenye jasho. Ukinzani wa mwili wa binadamu huweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Volti 170 zitapitisha miliampea 170, ilhali swichi kinga za majumbani huwekwa zikate umeme ufikapo miliampea 30, kwa kuwa zaidi ya hapo moyo umo hatarini. Tena swichi kinga hiyo haiwezi kumwokoa fundi huyu, maana umeme unaomuua hautoki kwenye gridi. Umekwisha hifadhiwa ndani ya sanduku. Ndiyo maana watengenezaji huandika juu ya mfuniko muda wa kusubiri, mara nyingi dakika tano au zaidi. Muda huo si wa hadhari ya kupita kiasi. Tofauti kati ya dakika ya kwanza na ya tano ni tofauti kati ya volti 170 na volti 1.4.

Kabla umeme haujafika

Kazi ya kuwasha huanza swichi kuu ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli. Ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja tu, yule anayefanya kazi. Kibao cha onyo peke yake hakitoshi, maana mtu mwenye haraka huweza asikisome. Kisha fundi huhakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo. Kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana, hutumika kwenye kazi, na hujaribiwa tena mahali pale pale pa kwanza. Pasipo hivyo, kipimo kibovu na waya usio na umeme hutoa jibu lile lile.

Hatua ifuatayo ni kupanda juu na kulikagua pangaboi. Boriti inayolibeba yapasa kuwa imara. Bolti na nati zote ziwe zimekazwa kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Kamba ya chuma ya usalama iwe imefungwa kwenye boriti, ili shina likikatika pangaboi lisianguke. Mabawa yawe mita 3 au zaidi juu ya sakafu, na mbali na taa, mabomba na winchi. Baada ya hapo mabawa huzungushwa kwa mkono mzunguko mzima. Mkono huhisi kile ambacho jicho halikioni: giaboksi inayokwaruza au bawa lililopinda.

Hapo zamu ya nyaya hufika. Waya wa ardhi huunganishwa wa kwanza, kwa kuwa vidhibiti vya aina hii huweza kuvujisha kuelekea ardhini mkondo unaozidi miliampea 3.5 hata vikiwa vizima kabisa. Umeme wa gridi huingia kwenye vituo vilivyoandikwa L1, L2 na L3. Mota huunganishwa kwenye U, V na W. Kosa la kubadilisha pande hizi mbili halisameheki: umeme wa gridi ukiingizwa kwenye vituo vya mota, transista huungua mara moja. Vilevile kifaa cha kupima uimara wa mpira wa nyaya, ambacho hutoa mamia ya volti, hutumika kwa nyaya za mota zikiwa zimetenganishwa na kidhibiti.

Umri wa kidhibiti nao huulizwa. Kapasita za elektroliti hutegemea utando mwembamba sana wa oksidi ya alumini, na utando huo hudhoofika kifaa kikikaa ghalani muda mrefu bila umeme. Kidhibiti kilichohifadhiwa zaidi ya mwaka mmoja hupewa kwanza volti ndogo, kisha zikaongezwa polepole kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji, ili utando ujijenge upya. Anayekipa volti zote kwa ghafula huweza kuzipasua kapasita. Katika nchi za joto, tena pwani penye unyevu wa chumvi, sanduku hutazamwa pia kama limeingiwa na kutu, vumbi, siafu au mijusi, maana mjusi mmoja huweza kuunganisha fezi mbili.

Saa ya kuwasha

Mfuniko hufungwa kabla swichi haijawashwa. Watu huondoka chini ya pangaboi, na mmoja huwekwa mahali anapoweza kuyaona mabawa na kuonekana na fundi. Fundi husimama kando ya sanduku, si mbele yake. Likitokea la kutokea, uso wake usiwe njiani.

Swichi kuu ikisha washwa, amri ya kuzunguka bado haitolewi. Kidhibiti huachwa dakika chache kikiwa kimya, huku kioo chake kikisomwa. Volti za ndani zionekane kuwa karibu na 566, au 587 mahali ambapo gridi hutoa 415. Hapo ndipo maelezo ya kibao cha mota hunakiliwa kwenye kidhibiti: volti, ampea, hezi na mizunguko kwa dakika.

Jambo hili lahitaji uangalifu hasa kwa mapangaboi yaliyonunuliwa Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Mota ya volti 480 na hezi 60 ina uwiano wa volti 8 kwa kila hezi. Volti 400 kwa hezi 50 pia ni 8. Kwa hiyo mota hiyo yaweza kutumika, ila kwa mwendo wa chini kidogo. Uwiano ukipotoka na kuzidi, chuma cha mota hushiba sumaku na kupata joto. Ukipungua mno, mota hukosa nguvu.

Amri ya kwanza huwa ya hezi 5 tu. Mabawa hutembea polepole, na macho yote hutazama mambo matatu: upande yanakozungukia, kama yanayumba, na ampea zinazosomeka. Kila kitu kikiwa sawa, marudio hupandishwa hadi 10, kisha 20, na kuendelea, kila hatua ikipewa muda.

Ikiwa pangaboi lazunguka kinyume, pana somo zuri kwa wanafunzi. Fundi aliyezoea mota zisizo na kidhibiti hukimbilia kubadilishana nyaya mbili za umeme unaoingia. Akifanya hivyo hapa hapati badiliko lolote, kwa sababu umeme unaoingia hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, na mkondo mnyoofu haukumbuki ulikuja kwa mpangilio gani. Nyaya zinazopaswa kubadilishwa ni mbili za upande wa mota, au amri ya kugeuza hutolewa ndani ya kidhibiti. Kama nyaya zitaguswa, utaratibu wote huanza upya: kuzima, kufunga kufuli, kusubiri dakika zilizoandikwa, na kupima.

Kusimamisha nako ni kazi

Wengi hudhani kwamba chombo kikishazunguka vizuri kimekwisha kujaribiwa. Kumbe nusu ya majaribio ni ya kusimama. Zile jouli 3,650 zilizomo katika mabawa hazina budi kwenda mahali fulani. Pangaboi likiachwa lisimame lenyewe, hewa na msuguano huzila taratibu. Lakini kidhibiti kikiamriwa kulisimamisha kwa sekunde mbili, mota hugeuka kuwa jenereta na kuurudisha umeme kwenye kapasita. Kapasita ya mfano wetu, ikiwa na volti 566, ina jouli 160 tu. Kama nishati yote ya mabawa ingeimwagikia, volti zingepanda hadi zaidi ya 2,700. Kidhibiti hujiokoa kwa kujizima zifikapo 800 hivi, na pangaboi huendelea kuzunguka bila kushikwa na chochote. Kwa hiyo aliyetaka lisimame upesi hupata kinyume cha alichokitaka. Muda wa kupunguza mwendo huwekwa kuwa mrefu.

Jaribio la mwisho ni la kukatika kwa umeme. Swichi kuu huzimwa pangaboi likiwa katika mwendo, kisha huwashwa tena. Kidhibiti kilichopangwa vema hubaki kimetulia mpaka kipewe amri mpya. Kisichopangwa hulizungusha pangaboi mara umeme urudipo. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara kwa mara, hilo laweza kumkuta mtu juu ya ngazi, akifuta vumbi kwenye bawa alilodhani limekufa. Na penye mabomba ya kunyunyizia maji wakati wa moto, pangaboi huunganishwa na mitambo hiyo ili lisimame lenyewe moto utokeapo, lisije likatawanya maji na kuchochea ndimi.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kidhibiti yaweza kulionyesha somo la kapasita bila hatari. Vitu vinavyohitajika ni betri ya volti 9, kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 1,000 inayostahimili volti 16 au zaidi, kipinga cha omu 47,000, mita ya tarakimu na saa yenye mshale wa sekunde. Kapasita hujazwa kwa betri, upande wa hasi ukielekezwa kwenye hasi. Kisha betri huondolewa, kipinga huunganishwa kwenye miguu miwili ya kapasita, na volti husomwa kila baada ya sekunde 10 kwa muda wa dakika nne.

Baada ya sekunde 47 mita itaonyesha volti 3.3 hivi. Jibu halitakuwa kamili, kwa kuwa kapasita nyingi hutofautiana na kiasi kilichoandikwa juu yake. Wanafunzi wakichora grafu wataona mstari unaoshuka kwa kasi mwanzoni, kisha unaozidi kulala kadiri unavyokaribia sifuri. Mwalimu aweza kuwaomba wabadilishe namba za mhimili wa wima, 9 iwe 566, na kuuliza: ni wakati gani fundi angeweza kuufungua mfuniko? Wengi huonyesha kwa haraka sehemu ya mstari iliyoanza kulala. Na wapime tena kwa rula, volti ngapi zimebaki hapo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Juu ya sakafu ya kiwanda, kimya hicho chaweza kupimwa kwa mita, na mshindo wake waweza kusubiriwa utoke wenyewe, kwa dakika tano.